Mto wa Mama

Juzi, hospitalini Mbeya, nilimwona mama mmoja akifanyishwa mazoezi ya kutembea koridoni, amekumbatia mto kifuani. Nilisimama nikasahau nilichofuata.

Nilipokuwa mtoto mdogo, mama yangu alirudi nyumbani Ikuti na mto kama ule, baada ya kupasuliwa moyo Dar es Salaam na kuwekewa valvu mpya. Kabla hajaondoka, kila jioni alipuliza mapovu kwa mrija kwenye chupa ya maji ili kuzoeza mapafu, nami nikidhani ni mchezo wetu wawili.

Alasiri aliyorudi mvua ilikuwa imekatika, migomba bado inadondosha maji, na jikoni kwa bibi kulinukia ndizi za kuchoma. Nilimkimbilia mama mikono juu. Bibi akanidaka.

“Mwache kwanza, mjukuu wangu. Kifua hakijaunga.”

Sikuelewa. Niliona tu kwamba kila akikohoa aliubana ule mto kwa nguvu, macho ameyafumba, kama alivyozoea kunibana mimi.

“Mama, siku hizi unaupenda mto kuliko mimi?”

Alicheka, kicheko kikamuuma, akaubana tena. Kisha akasema, “Njoo. Taratibu.” Akanivuta kwa mkono mmoja, mto ukiwa katikati yetu, unanuka sufi na dawa.

Leo najua mto ule ulikuwa unaushikilia mfupa wa kifua uliokatwa alipopasuliwa. Mama alipona, akaishi miaka mingi, akanikumbatia mara nyingi bila mto. Sasa hayupo, na ninalolitamani zaidi ni kumbatio lile la kwanza, ambalo hata halikunifikia kifuani.