Mama Mashuka na Fomu ya Chumba cha Plasta

Miaka kumi na saba alipiga pasi mashuka ya hospitali, mpaka watu wakalisahau jina lake wakamwita Mama Mashuka. Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa, hakina dirisha, mvuke umetanda kutwa. Mgongo ulimuuma asubuhi, ukamuuma jioni. Katikati hapo hakuwa na nafasi ya kuusikiliza.

Siku moja alipeleka mashuka chumba cha plasta, akamkuta fundi yuko peke yake, anahangaika na bibi kizee aliyevunjika mkono.

"Mama, hebu nishikie kiwiko hapa."

Akashika. Bibi akaacha kulia. Fundi akamaliza kufunga, akamtazama.

"Una mikono mitulivu wewe. Wanatafutwa wanafunzi wawili wa kazi hii ya plasta. Fomu ziko kwa matroni."

Fomu aliichukua, ikalala wiki tatu chini ya godoro. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Darasani angekaa na watoto wa rika la wanawe. Wifi yake, aliyekuwa akiishi naye, akaiona alipokuwa akitandika.

"Wifi, uzee umeshabisha hodi, nawe unataka daftari?"

"Nataka."

"Na ukifeli?"

"Nitarudi kwenye pasi. Pasi haina miguu, itakimbilia wapi?"

Wifi alicheka. "Basi ijaze. Siku za darasa nitapika mimi. Ila usije kunihesabia mifupa ya darasani jikoni."

Asubuhi alipogonga mlango wa matroni hakujiona shujaa hata chembe. Alikuwa amechoka tu, amechoka mno hata kuogopa kukawa kazi nyingine asiyoiweza.

"Msimamizi wa dobi atanilaumu," matroni alisema.

"Atanilaumu mimi kwanza, matroni. Nimemzoea."

Alipokelewa. Mtihani wa kwanza akaanguka, akalia chooni, akarudia, akapita.

Sasa ni mwaka wa pili. Miguu inavimba kwa kusimama, na nyumbani husinzia kijiko kikiwa mkononi. Juzi alimkatia plasta dereva mmoja. Mguu ukatoka mwembamba, umepauka, mwenyewe akaogopa kuukanyagia.

"Simama, baba," alimwambia, akamwekea bega. "Polepole. Na mimi siwezi haraka."

Wakaenda hatua tatu, wakapumzika.