Mkeka wa Kwenda Nao Taita

Mdogo wangu ana selimundu, ule ugonjwa wa damu. Kwetu Likoni neno lenyewe hatulitaji sana, twasema "ile hali yake." Tangu utotoni tulijua vitu vinavyomwamshia maumivu: kiu, homa, kuchoka kupita kiasi, na baridi. Baridi haikutusumbua, maana huku kwetu pwani haipo. Mpaka alipofika mwaka wa tatu wa chuo, akaja na karatasi: kila mwanafunzi wa somo la mimea atakwenda milima ya Taita mwezi wa Julai, alale kwenye hema siku tano, akusanye mimea ya msituni. Asiyekwenda hamalizi somo.

Mama aliisoma, akaikunja, akaisukumia chini ya sahani ya mkate.

"Mwanangu halali chini kwenye baridi nami ni hai."

"Daktari amekubali, Mama. Amesema nivae vizuri, ninywe maji, nisilalie ardhi tupu."

"Daktari hakukesha nawe. Nimekesha mimi."

Asubuhi yake mdogo wangu alinifuata uani, kwenye friza. Mimi nauza barafu. Nagandisha maji kwenye makopo, wenye vibanda vya maji ya matunda huja kuchukua. "Dada," akaniambia, "nitafutie cha kulalia. Mama anakusikiliza wewe." Nikamjibu inshallah, na wala sikujua pa kuanzia.

Nilianza duka moja la vifaa vya safari, upande wa Nyali. Muuzaji alikuwa dada mpole. Alinieleza kwamba blanketi la kujifunika halitoshi, kwa sababu baridi ya usiku mwingi hutoka chini, na chochote unachokilalia kikibonyea hadi kikawa chembamba, hakikukingi tena. Akanionyesha mkeka wa kujaza upepo, ndani una pamba na karatasi ya kung'aa kama fedha. Niliuliza bei, nikaurudisha taratibu mahali pake.

"Wa bei nafuu je?"

Akaleta mwingine. "Huu una upepo mtupu. Ni wa kulalia ufukweni. Kwa baridi, dada yangu, sitakudanganya."

Nikamshukuru, nikaenda soko la Kongowea. Katikati ya mabegi na mahema ya mitumba nikaupata mkeka wa sponji ngumu, ile isiyonywa maji, unaokunjwa mikunjo mikunjo, upande mmoja umepakwa rangi ya fedha. Muuzaji aliapa kwamba hata kwenye theluji utamtoa mtu jasho. Sikumwamini. Niliununua kwa kuwa ndio nilioumudu.

Nyumbani sikutulia. Mtu ataijaribuje baridi Likoni? Ndipo nikatandika turubai sebuleni, nikayapanga mabonge yangu ya barafu juu yake, moja ubavuni mwa jingine. Nikaanza na godoro letu dogo la sponji. Nililala kwa ubavu, nyonga chini, kwa kuwa maumivu ya mdogo wangu huanzia nyongani. Godoro likanywa maji upesi. Nikaazima kwa jirani godoro lake la upepo. Mwanzo lilikuwa raha, kisha ubaridi ukapanda polepole hadi mfupani. Mkeka wa Kongowea ulistahimili zaidi, lakini nao mwishowe nikauhisi. Kesho yake nikarudi kununua wa pili wa aina hiyohiyo, nikaiweka mmoja juu ya mwingine. Nililala tangu adhana ya alasiri mpaka watoto wa madrasa walipopita wakirudi kwao. Nyonga yangu ilikuwa na joto lake.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini.

"Lala wewe, Mama."

Akajifunga leso vizuri, akalala, akafumba macho. Alikaa muda mrefu. Alipoinuka alisema, "Barafu yako inayeyuka," akaenda zake jikoni. Nikaelewa kwamba amekubali.

Siku tatu za mwanzo kule Taita mdogo wangu alipiga simu kila asubuhi. Siku ya nne alipiga mwalimu wake. Walikuwa wamemteremsha Voi, hospitalini.

Tulisafiri siku ileile, mimi na Mama. Njia nzima alisema jambo moja tu: "Wewe ndiwe uliyemtafutia njia." Nilitazama nje hadi shingo ikaniuma.

Tulimkuta amelala na dripu mkononi, midomo imekauka. Aliponiona aliwahi yeye kusema.

"Si mkeka, Dada. Wallahi si mkeka."

"Ni nini basi?"

"Niliingia kijitoni. Kulikuwa na mmea mdogo kama kuvu kwenye mawe, sijauona popote. Nikasimama kwenye maji baridi, sijui kwa muda gani." Akaushika ukingo wa kitanda mpaka maumivu yakapita. "Nililala siku tatu bila baridi. Siku ya nne nikasahau kama mimi ni mgonjwa."

Mama aligeukia dirisha.

Nimelifikiri sana neno hilo. Lau angelala vibaya angejichunga. Pengine asingeukaribia huo mto. Kuna siku najilaumu kwa kuutafuta mkeka ule kwa bidii kiasi kile. Siku nyingine nasema, kumbe mdogo wangu aliwahi kuamka mara tatu akiwa kama wenzake, kitu ambacho sisi wote hatukuweza kumpa miaka yote.

Alilazwa siku tisa. Alirudi nyumbani akitembelea mkongojo, akaacha kuutumia mwezi uliofuata. Mimea yake ilipokelewa chuoni, somo akalimaliza.

Miezi ikapita. Siku moja tukianika nguo uani, Mama aliniuliza bila kunitazama:

"Hizo siku tatu, alilala kweli?"

"Alilala, Mama."

Akaukung'uta mtandio wa mdogo wangu, akautandaza kwenye kamba, akaubana ncha zote mbili.