Samaki Kwanza, Mabati Baadaye

Siku yangu ya kwanza kazini Malaba nilivaa tai. Katika ile kampuni ya uwakala wa forodha hakuna mwingine aliyekuwa nayo, hata meneja mwenyewe, na madereva walinicheka mpaka nikaivua na kuitia mfukoni. Wakala wa forodha, kwa ninyi mnaoanza kazi sasa na kila kitu kimo kwenye simu, ni mtu anayesimama kati ya mwenye mzigo na serikali. Anatangaza kilichomo ndani ya lori, anafuatilia ushuru, anahakikisha sili iliyofungia mlango haijaguswa, kisha dereva anaruhusiwa kuvuka. Zamani hizo tulikimbia na makaratasi kutoka dirisha hadi dirisha, Kenya kwanza, halafu Uganda. Kituo cha pamoja, ambapo maafisa wa nchi zote mbili wanakaa chini ya paa moja, kilikuja baadaye sana.

Meneja alikuwa mfupi na mkali, na sauti yake ilizoea kushindana na injini. Alinitoa nje akanionyesha foleni ya malori iliyopotelea kuelekea Amagoro.

"Kijana, hapa nini inaenda kwanza?"

Nikasema kilichotangulia kufika.

"Wapi! Samaki inaenda kwanza. Vifaranga inaenda kwanza. Dawa inaenda kwanza. Mabati hata ikae hapa mwezi, haiozi. Ukiniozea samaki usirudi kwa ofisi, rudi kwenu Nambale."

Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yangu yote, na imenitosha. Mzigo wa kuharibika hatukuungoja ufike ndipo tuanze kuuhangaikia. Lori likiwa bado njiani, sisi tulishautangaza, tukamwarifu mkaguzi wa afya, tukamwomba afisa wa geti alipishe. Siku ambayo samaki waliharibika mikononi mwa mwenzetu mmoja, alifutwa kazi kabla ya chai ya saa nne. Hakuna aliyeona ajabu.

Baadaye nilihamishiwa Busia, chini ya mkuu wa tawi aliyekuwa mama mpole wa maneno machache. Huyo hakupenda kusikia kwamba mzigo "umekwama". Alikuwa akisema, "Mzigo haujisimamishi. Enda uulize nani ameusimamisha, halafu urudi na jina." Nikajifunza kuuliza bila kuona haya na bila kuchoka. Miaka ikapita, nikarudishwa Malaba nikiwa mimi sasa ndiye ninayewapigia vijana kelele.

Malaba hiyo hiyo, kando ya uwanja wa kuegesha malori, mke wangu alikuwa na hoteli. Mama Wandera alipika ugali, matumbo, maharagwe, na chai iliyotoka jikoni ikitokota, kwa sababu dereva aliyekesha barabarani hataki chai ya uvuguvugu. Foleni ikirefuka, hoteli ilijaa. Alikuwa akinitania mbele ya wateja: "Huyu bwana yangu ndiye adui ya biashara yangu. Akipitisha lori haraka, mtu yangu anaenda na njaa yake Uganda." Turnboi, yule msaidizi wa dereva, ambaye bosi wake alimwacha bila pesa ya chakula hakutoka pale bila sahani. Nyumbani tulibishana sana juu ya hizo sahani, na sikuwahi kushinda.

Ugonjwa wake ulianza hivi: ugali ulikuwa unamkwama kifuani, akawa anaushushia kwa maji. Mwenye duka la dawa alimtazama juu juu tu akasema, "Hiyo ni alsa, mama. Kunywa hii ya maziwa maziwa." Akanywa. Katika kituo cha afya akaambiwa ni vidonda vya tumbo. Tukarudi, wakasema tena ni vidonda vya tumbo, na wakabadilisha rangi ya tembe. Mara ya tatu aliwauliza, "Na nitameza aje, na mimi nawaambia siwezi kumeza?" Hakuna aliyeinua kichwa.

Ndugu nao hawakubaki nyuma. Shangazi yake alikuja kutoka Bumala akasema ni kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, na kwamba yuko mzee anayekikata vizuri kwa kisu chake. Nilimwambia shangazi kwa heshima zote kwamba huyo mzee akikanyaga ua wangu, kitakachokatwa ni safari yake. Wengine walinong'ona kwamba lazima anakunywa pombe kali kwa siri. Mwanamke ambaye hajawahi kuonja hata busaa! Hasira ile bado ninayo, na sina mpango wa kuipoza.

Tulipofika hospitali kubwa ya rufaa, mbali na kwetu, Mama Wandera alikuwa anapitisha uji mwepesi tu. Waliteremsha kamera nyembamba kooni, wakakata kipande cha nyama kwenda kupima. Jibu lilikuwa saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na ilikuwa imeshafika kwenye ini. Daktari alikuwa mtu muungwana, hakutuficha. Alisema kisu hakitasaidia tena. Alichoweza ni kumwekea bomba dogo la waya, wao wanaliita stenti, lifungue njia, halafu mionzi ya kuupunguza uvimbe.

Mimi nilitaka kuuliza amebakisha muda gani. Mama Wandera akaniwahi.

"Daktari, nitakula?"

"Ukiwekewa bomba, utakula vitu laini."

"Basi weka. Kufa nitakufa, kila mtu anakufa. Lakini nimelisha watu maisha yangu yote, mimi sitaki kufa njaa."

Daktari akasema kuna foleni.

Tukaenda nyumbani tukarudi, tukaambiwa daktari wa mabomba yuko safarini. Tukarudi tena, mtambo ukawa na shida. Kila tuliporudi alikuwa mwepesi zaidi mkononi mwangu, na sasa hata mate yake mwenyewe hayakupita, akawa anayatemea kwenye kikombe. Siku hiyo nilisimama dirishani kwa sista mkuu nikatoa sauti ya Malaba. Nikamweleza samaki na mabati. Nikamwambia mgonjwa wangu ni mzigo wa kuharibika, na kokote duniani mzigo wa kuharibika hupishwa.

Sista alinisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu.

"Mzee, geuka uangalie hiyo benchi."

Nikageuka. Kila aliyeketi pale alikuwa ameshika kikombe, chupa au mkebe. Mmoja, mama wa kikombe cha kijani aliyeketi ubavuni mwa mke wangu, alikuwa kijana wa kuweza kuwa binti yetu.

"Hapo hakuna mabati," sista akasema. "Hao wote ni samaki. Niambie nani nitoe ndiyo niweke wako."

Nikarudi nikaketi. Mama Wandera, mifupa mitupu na leso, akanisogelea sikioni.

"Baba Wandera, kwa huu mwili wangu, ungewaambia ni omena, kale kasamaki kadogo. Na usipigie watu kelele."

Yule mama wa kikombe cha kijani alicheka mpaka akakohoa.

Zamu yetu ilifika. Bomba likawekwa, na nikaacha kazi wiki hiyo hiyo. Wenzangu waliagwa kwa keki na hotuba. Mimi nilistaafu kwa blenda. Nilifundishwa aketi wima, ale polepole, ashushie na maji. Nikamsagia viazi na mayai na mchuzi wa samaki. Kijiko cha kwanza kilishuka, tukatazamana. Cha pili kikashuka. Nililia, sioni haya kusema. Yeye alimeza cha tatu akasema, "Hii haina chumvi. Ungefungua hoteli wewe, madereva wangekuchoma."

Ugonjwa upo bado, tunajua unakokwenda. Lakini anakula, na njaa haitamuua.

Majuzi tulikwenda kwa mionzi. Mama Wandera alikuwa amebeba leso mpya ya kumpa jirani yake wa benchi, yule wa kikombe cha kijani. Hakuwepo. Nikaenda dirishani kumuuliza sista, naye akatikisa kichwa tu, akasema amefariki kabla hajafikiwa.

Nikamwambia kwamba kwetu Malaba samaki wakiharibika, kuna mtu anafutwa kazi kabla ya chai. Nikamuuliza kwa huyu mama amefutwa nani. Nikamuuliza nani alikata shauri kwamba daktari wa mabomba awe mmoja kwa watu wote hawa, maana mzigo haujisimamishi, na mimi sikufundishwa kurudi bila jina. Sista alisema hajui, waulize wakubwa wa juu. Namwamini, hajui.

Niligeuka kwenda kuketi. Mama Wandera alikuwa amekunja leso ile magotini, akiniangalia.

"Hizo ofisi za juu ziko wapi?" akasema. "Nipe mkono, twende ukapige kelele."