Inchi Mbili za Mugumo

Mimi ni fundi cherehani, na ninapenda kuaminiwa. Sare za shule, ninazokata kwa vipimo vilivyoandikwa na shule yenyewe, hupwaya kidogo, nami huwaambia wazazi kwamba mtoto bado anakua. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza kwa nini zinapwaya.

Nyuma ya nyumba yetu, katika mtaa huu mkongwe ulio jirani na soko la mbuzi la Kiamaiko, kulikuwa na mugumo, mti mkubwa wa jamii ya mkuyu. Umri wake hakuna aliyeujua. Mama anasema alipoletwa hapa akiwa bibi harusi, wanaume wawili hawakuweza kuuzungushia mikono wakashikana. Jirani mmoja alidai ni wa kabla ya reli. Mwingine alisema ulipandwa na wazungu. Nilimwambia mzungu hakuja huku kupanda migumo, akaninunia wiki nzima.

Kwa mama kulikuwa na zaidi. Mtoto wake wa kwanza, kaka yangu, aliishi siku tisa tu. Nauli ya kumpeleka nyumbani, huko magharibi, haikupatikana, kwa hiyo alizikwa mjini katika kaburi la muda. Muda ulipokwisha likachimbwa, akazikwa mwingine. Kilichobaki cha mtoto yule ni kitovu chake, kilichokauka na kudondoka siku ya saba. Mama alikifukia kwenye mzizi wa mugumo. Hadi uzeeni, kila akipita pale alipunguza mwendo.

Mwaka jana ikaja habari ya barabara. Kijana wa mkandarasi alisimama uani kwetu na fomu mkononi, akaniambia:

"Mathe, mti ikifika futi fifteen kuzunguka, hiyo ni ya kitambo, tunapinda barabara. Ikipungua, inaenda. Pimeni, msaini, nitachukua kesho."

Futi kumi na tano ni inchi mia moja na themanini, yaani tepu yangu ya inchi sitini mara tatu kamili. Majirani wote wakanigeukia mimi, nami nikavimba kichwa. Jirani yetu mwashi alitoa tepu yake ya chuma.

"Chukua hii, madam. Hiyo yako ni ya nguo."

"Nilikuwa napima watu viuno kabla hujajua kukoroga simiti," nikamjibu. Watu wakacheka, naye akairudisha mfukoni.

Yangu ilikuwa ya mama, ya kitambaa cha manjano, aliyoniachia macho yake yalipochoka. Imetulisha na kutusomesha. Mama alikuwa ndani amelala, wala sikumwamsha. Nilitaka aamke nimpe chai na habari njema kwa pamoja.

Niliichomeka kwa pini kwenye gome, utomvu mweupe ukanichafua vidole. Tepu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ikaishia hamsini na nane. Nikarudia, ikaja vilevile. Zilipungua inchi mbili. Ningeweza kudanganya, na wapo walionikonyeza nidanganye. Niliandika mia moja sabini na nane, nikatia sahihi, na nikajiona mtu mwaminifu sana. Mama alipoamka nilimpa chai tu; habari nikaificha.

Walikuja na misumeno Jumanne asubuhi. Kufikia saa sita ua ulikuwa na mwanga ambao sijawahi kuuona, na mbuzi wa Kiamaiko walisikika kama wako mlangoni. Hapo ndipo nilipomweleza mama yote.

"Ulipungua ngapi?" akauliza.

"Inchi mbili."

"Na ulipima na nini?"

Nikampa. Akainyoosha juu ya mapaja yake, akaipapasa kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Hii imevutika tangu ukiwa darasa la nne. Kila tepu nilikuwa natoa kidole gumba ndipo nakata. Hukuwa unaniona?"

Nilikuwa namwona. Nilidhani ni ubahili wa kitambaa.

Nikaenda kuazima ile ya chuma, na mwashi hakunitania. Nilizilaza sambamba mezani. Inchi sitini za mama zilifika sitini na moja za chuma. Mara tatu, karibu inchi tatu. Mugumo wetu ulikuwa umepita futi kumi na tano. Nilimwomba mama msamaha. Siku mbili, kila nilipokanyaga cherehani, niliona aibu kuigusa tepu ile.

Siku ya tatu waling'oa kisiki na malori yakaanza kumwaga kokoto. Mama akatoka, akasimama kwenye pembe ya jiko.

"Nipimie kutoka hapa hadi pale ulipokuwa mzizi," akasema. "Wakishaweka lami sitapajua."

Nikanyoosha mkono nichukue ile ya chuma. Akanizuia, akatoa ya manjano kwenye kanga yake.

"Hii naijua. Kwenye kukata hutolewa kidole; kwenye kupima, kila tepu uongeze kidole."

Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikaanza. Zilikuwa tepu nne. Nikaongeza vidole vinne.