Siku Niliyowaacha Wakwe Wajitawale

Hii nawahadithia nyinyi tu, na mkicheka chekeni kwa adabu, maana mpaka leo nikipita mtaa wa Kibokoni, hapa Mombasa, kuna watu huniuliza, "Msomi, leo kuna chakula ama kuna mtihani?" nami hujifanya natafuta kitu mfukoni nikapita zangu.

Mwajua nasoma siasa chuoni, na muhula ule mwalimu alitupa vitabu vya wanafikra wakubwa wa kale, vile ambavyo ukurasa unausoma, unaurudia, na bado hujui aliyeandika anakufundisha ama anakutukana. Mmoja alishikilia kuwa watu wakikosa mtawala watararuana, kwa hivyo afadhali mtawala mkali kuliko kukosa kabisa. Mwengine akasema la, binadamu kwa asili yake ni mwema, muache huru atapatana na mwenzake, kinachomharibu ni mali na amri. Jumatatu ilikuwa nisimame mbele ya darasa niseme yupi yuko sawa. Nikimsoma wa kwanza namkubali, nikimsoma wa pili namkubali vilevile, nikiamka asubuhi nimewachanganya wote wawili.

Jumapili ya kuamkia siku hiyo ndiyo ikawa harusi ya Ruqia, binti wa shangazi yangu Zuhura. Shangazi ni mjane, hana mtoto wa kiume, na ndiye aliyenilea, basi kazi ya kuwapokea wakwe akanipa mimi. Kwetu, nikaha ikishafungwa msikitini, wanaume wa upande wa bwana harusi huja kula kwa bi harusi, na lazima mtu wa nyumba asimame mlangoni, awashike mikono, awaketishe kwenye masinia, wazee mbele, aseme "Bismillahi, karibuni," kisha asichoke kuwasihi wale. Bila hivyo hujamkaribisha mtu, umemuonesha chakula tu. Asubuhi ile shangazi alinishika bega akanambia, "Mwanangu, wasitoke hapa wakasema mwanangu Ruqia hana watu."

Nikasema inshallah. Na wallahi nilikusudia.

Sasa sijui ni shetani gani aliyenipitia, nimesimama pale naona mikeka imetandikwa, masinia ya pilau yanafuka moshi, nikajiuliza, kwani hii si ndiyo nafasi yenyewe? Watu wapo, chakula kipo, mtawala nikijiondoa mimi tutajua nani mkweli. Nikawaambia binamu zangu waliokuwa wakiandaa wayaache masinia katikati, wasimuketishe mtu, waende zao jikoni. Wakauliza nani atawakaribisha wageni. Nikawaambia watapatana wenyewe (walinitii kwa sababu nasoma chuo, na hilo ni kosa lao). Mimi nikajificha nyuma ya pazia la ngazini, simu mkononi, tayari kuandika.

Nilitegemea moja katika mawili, wagombanie nyama ama wagawane kwa mapenzi. Halikutokea lolote. Waliingia, wakavua viatu, wakaketi kando ya kuta, mbali na masinia, wakaanza kuulizana hali: za nyumbani, za watoto, za wagonjwa, na zikiisha wanaanza upya. Mzee Twahir, ami yake bwana harusi na mkubwa wa msafara, akamwambia aliye kando yake asogee kwenye sinia, yule akasema hawezi kumtangulia mzee, mzee akasema naye ni mgeni vilevile, wakarudi kuulizana hali. Pilau ikapoa. Mafuta yakaganda pembeni mwa masinia. Nami nyuma ya pazia nimechanganyikiwa kabisa, nikitafuta kichwani ni kitabu gani kilichosema habari za watu wenye njaa wasiogusa chakula kwa heshima. Ningetoka wakati ule yangeisha salama, lakini nikajiambia ngoja kidogo, pengine sasa ndiyo wanafanya mapatano.

Kumbe mapatano waliyofanya ni ya kuondoka. Mzee Twahir aliinua mikono, akaomba dua fupi, wakaitikia amin, wakaanza kutafuta viatu vyao. Nikaruka kutoka mafichoni, mguu ukanasa, pazia likaja chini pamoja na fimbo yake, nikawatokea wakwe nimefunikwa gubigubi kama bi harusi mwenyewe, nikisema "Karibuni! Karibuni!" kwa watu waliokwisha kunipa mgongo.

"Tumeshiba, mwanangu," Mzee Twahir akasema kwa upole, akatoka.

Shangazi alikuwa juu na wanawake. Aliposhuka akayaona masinia yamejaa vilevile, aliketi kwenye ngazi akaniuliza nimewafanya nini wageni wake. Nikaanza kumueleza habari za binadamu kabla ya serikali (ndiyo, nilithubutu), na katikati ya maneno nikaona analia. Aibu niliyoiona siku ile sijapata kuiona tena.

Alasiri mimi na shangazi tukapanda tuktuk hadi Ganjoni kwa wakwe, sinia mapajani mwangu limefunikwa kawa. Mzee Twahir alitupokea mlangoni, akatuketisha, akatusihi tunywe chai. Nikamuomba radhi mpaka sauti ikanikauka. Akasema yamekwisha, kisha akamgeukia shangazi.

"Bi Zuhura, chakula hata hapa kwetu kipo. Sisi tulikuja kuambiwa karibu, na hapakuwa na mtu."

Shangazi akainamisha kichwa, akasema ni kweli.

Jumatatu nilisimama darasani nikasema kuwa kwa niliyoyaona mimi, wanafikra wote wawili hawakuwahi kualikwa Mombasa. Mwalimu akaniuliza nimeyasoma wapi hayo.

Basi mwezi uliopita mdogo wake Ruqia naye akaolewa. Nikafika mapema, mikono ya kanzu nimekunja, tayari kwa kazi yoyote nitakayopewa. Shangazi alinipokea mlangoni kwa tabasamu, akanishika mkono kwa heshima zote.

"Karibu mwanangu. Keti hapo na wageni."

Nikaketi. Wakaniletea sinia, wakanisihi nile. Vitabu nitaendelea kuvisoma, lakini naapa siku nikipewa tena mlango wa nyumba ile sitaondoka mlangoni hata miguu ivimbe. Shida ni kwamba hakuna anayenipa.