Shingo ya Mushale wa Kanyamibwa

Siku moja tulikuwa tunachambua maharagi, jirani yangu Béata akaniuliza: «Mama, ule Papa Kanyamibwa wenu alizaliwa anachechemea?»

Nikamujibu hapana. Mutu aliyezaliwa vile hangeweza kupanda vilima vya Nyabiondo nyuma ya mbwa toka asubuhi mpaka jua la kichwa. Mguu wake uliharibika mwaka wa 1952, mwezi wa tano, pale njia ya Walikale inapovuka mto mudogo wenye matete. Naandika kama nilivyosimuliwa na muke wake, mama mukubwa Emérita, na kaka ya Emérita, Hakorimana. Wote wawili walikuwa pale. Mungu awapumzishe.

Kanyamibwa alikuwa baba mukubwa wangu. Alilima maharagi na mihogo kama watu wote wa kilima chetu, lakini alijulikana kwa mishale. Wakati ule bunduki ilikuwa ya Wazungu na machifu. Sisi wengine, nguruwe wa pori akiingia mu mihogo, tulikuwa na upinde, mkuki na mbwa, basi.

Mti wa mushale aliukata wakati wa kiangazi, akauweka juu ya moto wa jiko miezi miwili, ukakauka ndani ya moshi, kisha akausugua na majani ya msasa mpaka ukawa laini kama ngozi ya mutoto. Chuma alikifunga kwa mishipa ya nyama na utomvu. Pale mti unapopokea chuma, yeye alipaita shingo.

«Mushale haivunjikake mu tumbo,» alikuwa anasema. «Inavunjikaka mu shingo. Kama vile kuku.»

Kila mushale uliorushwa, hata ule uliokosa nyama, aliuokota, akauweka ku goti, akaukunja polepole huku ameinamisha sikio. Mushale muzima hunyamaza. Uliosema *ki*, hata mara moja, aliuvunja palepale, akatoa chuma akitafutie mti mupya. Watu walimucheka: «Papa Védaste, unaungamisha mishale?» Védaste alikuwa mutoto wake wa kwanza. Naye alijibu: «Ndiyo, na inasema kweli kuliko ninyi.»

Sasa, ijumaa moja alirusha mushale kwa pongo, akamukosa, mushale ukagonga jiwe. Mara ileile mvua ikaanguka, ile mvua ya Masisi isiyokupa nafasi ya kufikiri. Akauokota, akautia mu podo pamoja na mingine, akakimbia nyumbani. Hakuukunja. Podo akaitundika karibu na moto ikauke.

Kesho yake asubuhi Hakorimana akafika anahema. «Shemeji, amka! Nguruwe iko mu mihogo yako. Ni dume, iko kama ng'ombe!»

Kanyamibwa akatoka kumufunga mbwa kengele ya mti shingoni. Hakorimana akashusha podo, akaanza kupanguza mishale. Mitatu tu njo ilikuwa bado na manyoya yake. Ile mingine, mvua iliyalegeza manyoya yake. Ku mushale mumoja, mu shingo, akaona ufa mwembamba kama unywele. Akafungua kinywa. Akakifunga. Akaurudisha mu podo.

Wawindaji wa kilima chetu walikuwa na desturi: ufa wa mushale wa mwenzako hautajwi asubuhi ya kwenda kuwinda. Ukiutaja, wanasema ni kinywa chako kilichoupasua. Katekista alihubiri sana juu ya jambo lile. Wanaume walimusikiliza, wakasema amina, wakaendelea nalo.

Wakamukuta nguruwe anachimbua mihogo, mgongo mweusi unafuka mvuke. Hatua kumi. Kanyamibwa akavuta upinde, akaachilia. Mushale ukafika begani, pale pagumu. Wakasikia *ka!* kama kijiti kikavu chini ya mguu. Mti ukaanguka mu mihogo. Chuma kikabaki mu bega, hakikuingia hata urefu wa kidole.

Nguruwe akalia, akageuka, akashuka kilima. Kanyamibwa akarusha wa pili, ukapita juu yake, ukaenda kugonga udongo mugumu. Nguruwe akaingia mu matete, karibu kabisa na mti ulioangushwa watu wavukie mto.

Wanaume wawili wakasimama. Siku ile ilikuwa posho, ndiyo jumamosi, na posho ile Emérita alikuwa anarudi toka Walikale pamoja na wanawake wanne, wamebeba mawese. Hapakuwa na njia ingine ya kurudi. Nguruwe wa pori aliye na chuma mu mwili hakimbii mbali. Analala, anangoja, na wa kwanza kupita karibu naye, anamupasua.

Kanyamibwa akaokota ule mushale wa pili. Hata na haraka ile, akauweka ku goti, akainamisha sikio.

*Ki.*

Akauvunja. Sasa ulibaki mumoja.

Hakorimana alikuwa ameshika ule mti uliokatika shingo, anautazama. «Shemeji,» akasema, «hii niliiona asubuhi.»

«Uliona nini?»

«Ufa. Mu shingo.»

«Na ukanyamaza?»

«Nzabandora alisema, mwaka ule wa kuchimba barabara. Ulimufanya nini?»

Jibu walilijua wote wawili. Mwaka wa 1947 Nzabandora, muwindaji mwenzake, alimuambia Kanyamibwa mbele ya watu kwamba mushale wake uko na ufa. Siku ile hawakupata hata sungura. Kanyamibwa akasema Nzabandora amefunga pori kwa kinywa chake, na miaka miwili hakukula naye sahani moja. Simuhukumu baba mukubwa. Naandika tu ilivyokuwa.

Wakajaza kengele ya mbwa majani ili inyamaze, wakashuka. Kanyamibwa mbele, mushale wake wa mwisho ku kamba. Hakorimana nyuma, na mkuki, anamushika mbwa. Matete yalikuwa yamelowa, yanafika juu ya kichwa. Mbele yao, ndani, kitu kilikuwa kinapumua. Kinapumua, kinanyamaza, kinapumua tena. Upande gani, hawakuweza kujua.

Njo hapo wakasikia wimbo wa Bikira Maria, toka ng'ambo ya mto.

Wanawake walikuwa wamefika. Waliona majani yanatikisika, na sikio la mbwa waliyemujua, wakaacha wimbo, wakaanza utani.

«Papa Védaste, ni wewe unajificha kama mwizi wa ndizi?»

«Tuko na mawese! Nyama iko wapi?»

«Mumuache, dada. Pengine anawinda panya!»

Wakacheka. Kanyamibwa hakuthubutu kusema neno. Akipiga kelele, nguruwe atatoka, na hajui atatokea upande gani. Akinyamaza, Emérita atavuka. Na tayari aliuona mguu wake juu ya ule mti wa kuvukia, mguu wa kulia, halafu wa kushoto, mtungi ku kichwa. Chini yake, mahali mti unapoishia, tete moja likatikisika, na upepo haukuwako.

Basi akasimama wima, kusudi nguruwe amuone yeye.

«Emérita!» akalia. «Simama!»

Toka waoane hakuwahi kumuita kwa jina. Alikuwa Mama Védaste nyumbani, Mama Védaste shambani, hata akikasirika. Mama mukubwa aliniambia: «Nilisikia lile jina, nikajua kuna mutu anakufa. Miguu ilisimama yenyewe.»

Matete yakafunguka. Nguruwe hakuenda ku mti. Alikuja moja kwa moja kwa aliyelia. Kanyamibwa akangoja, hatua sita, hatua nne, akapisha kidogo ili asipige lile bega, akaachilia. Mushale ukaingia nyuma ya mguu wa mbele, ukazama mpaka manyoya. Haukukatika. Lakini nguruwe aliyekwisha kufa bado ana mbio zake, na pembe yake ya kinywa ikamupata Kanyamibwa ku paja, ikamutupa mu maji. Hakorimana akafika na mkuki, akachoma mara tatu, mbwa analia pembeni, kengele imejaa majani haisemi kitu.

Emérita akatua mtungi, akavuka mbio. Akapasua kitambaa cha kichwa chake, akafunga lile paja juu ya kidonda, anafunga, anasali, anafunga.

«Usinifie mu maji machafu, wewe mwanaume,» akasema. «Unaniita kwa jina kama polisi wa tribunali!»

«Ulisimama,» akajibu. Meno yake yalikuwa yanagongana.

«Nilisimama.»

Wanawake wakakata miti miwili, wakafunga vitambaa vyao juu yake, wakafanya kipoyi cha kumubebea. Mumoja alikuwa analia na kucheka pamoja. Damu ilipungua. Emérita akaweka kiganja juu ya kidonda, akaona hairuki tena, akamushukuru Mungu kwa sauti.

Hakorimana alikaa mbali kidogo, ameinamisha kichwa. Ule mti wa mushale uliokatika alikuwa bado nao mu mkono. Kanyamibwa akanyosha mkono, Hakorimana akamupa. Kanyamibwa akautazama pale shingoni: nusu ya mkatiko ilikuwa nyeupe, ya leo, na nusu ilikuwa nyeusi, ya siku ya mvua. Emérita alingoja hasira. Aliijua, aliishi nayo miaka kumi na minne.

Wakainua kipoyi. Mume wake akageuza kichwa upande wa Hakorimana.

«Shemeji, nakuomba kitu kimoja. Ukiona tena ufa ku mushale yangu, uniambie. Hata nikikasirika, uniambie tu.»