Kinyozi wa Upande wa Juu

Irappa alizaliwa katika ukoo wa vinyozi, na katika kijiji chao cha kaskazini mwa jimbo la Karnataka, India, hilo lilitosha kueleza maisha yake yote. Asubuhi alizunguka barazani kwa wenye mashamba wa upande wa juu akiwanyoa, na baada ya mavuno walimpimia mtama kuwa ujira. Jikoni kwao hakuingia, wala hakuona ajabu. Yeye naye hakumgusa mtu wa upande wa chini, walikokaa Wamadiga, watu wa kazi ya ngozi, waliohesabiwa najisi. Hao walipanda basi kwenda kunyolewa mjini.

Mmoja wao alikuwa Durgappa, fundi mwashi. Utotoni walichunga nyati pamoja na kuogelea katika mto mmoja, mpaka mama yake Irappa alipowafumania na kumchapa mwanawe. Tangu hapo walisalimiana kwa mbali.

Mwaka mmoja Durgappa alianguka kazini akavunjika nyonga. Akalala miezi, ndevu zikamjaa, chawa wakaingia. Mkewe, Huligevva, akaja kusimama nje ya ua wa Irappa.

"Kaka, wakwe wanakuja kumwona binti yetu, na baba yake anafanana na mzimu."

"Shemeji, unajua siwezi."

"Najua. Nimetaka tu nikusikie ukisema."

Maneno yale yalimkaa rohoni. Kesho yake, jua likiwa kali na watu wakimtazama, Irappa alichukua kisanduku chake akateremka upande wa chini.

"Umepotea njia?" Durgappa aliuliza kutoka kitandani.

"Nyamaza, geuza shavu."

Durgappa alilalamika kwamba maji ni baridi. Huligevva akaleta chai, akaiweka chini, akarudi nyuma. Irappa aliitazama kitambo. Alikunywa nusu, iliyobaki ilimshinda.

Jioni aliitwa na Gowda, mwenye mashamba mengi kuliko wote.

"Irappa, wembe uliomnyolea yule ndio unaotaka kuupitisha shavuni kwangu?"

"Nimeuchemsha, bwana mkubwa."

"Basi kachemshe na mikono."

Hakuna aliyempigia kelele. Alipopita asubuhi aliambiwa mzee amelala, mzee amesafiri. Mavuno yakaja, hakupimiwa hata punje. Mpwa wake akaichukua kazi ya kunyoa katika nyumba zote zile, bila hata kuja kumwambia.

"Ungejifanya mgonjwa Huligevva alipokuja!" Neelavva, mkewe, alifoka. "Mwanamume mzima hujui hata kudanganya?"

Wakahamia mjini. Irappa akafungua kibanda karibu na kituo cha basi, kiti kimoja na kioo kilichopasuka pembeni, na Neelavva akawa anauza mikate ya mtama mlangoni. Irappa hakumwuliza mteja ukoo wake. Wateja ndio waliomchunguza yeye: baba yako nani, kijiji gani, upande upi.

"Tulia, ndugu yangu, wembe uko kooni," aliwajibu, nao wakatulia.

Siku ya harusi ya binti wa Durgappa ilipowadia, Irappa alisema ana kazi nyingi. Kibandani hapakuwa na mtu. Neelavva akamtazama, akavaa sari yake nzuri, akapanda basi peke yake. Alirudi alasiri.

"Ulikula?" Irappa aliuliza.

"Wali wao una chumvi nyingi," alisema Neelavva, akaenda kuwasha jiko.